Kaskazini na Kusini mwa Marekani: wanavyosemana, na namna ya kuishi kati yao

Mtu wetu akihama Minneapolis, Buffalo au Portland ya Maine kwenda Houston, Atlanta au Louisville, hesabu zake kwa kawaida ni mbili: kodi ya nyumba imepungua na theluji imekwisha. Hesabu ya tatu haipigi, nayo ndiyo itakayomsumbua kazini, kwenye shule ya watoto na dukani: ameingia katika ugomvi wa watu wanaosemana tangu kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861, Kaskazini dhidi ya Kusini. Kabla hajafunga mizigo, wenzake wa Kaskazini watakuwa wameshamwonya kwamba huko aendako watu ni wazito wa akili, wabaguzi, na maisha yao ni bunduki na kanisa. Akifika, jirani mpya atamwuliza kwa huruma aliwezaje kukaa na watu baridi vile, wenye haraka, wasiojua kusalimia. Na kinachosikitisha zaidi, haupiti mwaka naye ameshachagua upande, anayarudia maneno hayo kwenye makundi ya WhatsApp kana kwamba babu yake alipigana vita vile.

Yaliyo hapa yametokana na kuishi pande zote mbili na kuwapokea wageni pande zote mbili. Karibu kila tunachokiita tabia ya watu wa Kusini au wa Kaskazini, ukikichunguza utakuta ni adabu tofauti, ni barabara na mabomba yaliyojengwa kwa hali ya hewa tofauti, au ni historia ambayo upande mmoja unaikumbuka na mwingine umeisahau. Ukijua kipi ni kipi, utakosana na watu wachache zaidi, na utajua pia pale ambapo kukasirika ni haki yako.

Tuanze na mpaka, maana wengi wanauchora vibaya. Mstari wa Mason na Dixon, ambao wengi huuchukulia kuwa ndio mpaka wenyewe, ulipimwa kati ya 1763 na 1767 ili kumaliza ugomvi wa ardhi kati ya Pennsylvania na Maryland. Utumwa haukuwa sababu yake. Majimbo yaliyojitenga na Marekani wakati wa vita vile yalikuwa 11, lakini Kentucky, Missouri, Maryland na Delaware yalikuwa na watumwa na hayakujitenga, ndiyo maana watu wa Louisville, mji wa Kentucky, hadi leo hubishana wenyewe kwa wenyewe kama mji wao ni wa Kusini. Idara ya sensa inahesabu majimbo 16 pamoja na Washington kuwa Kusini, ila Delaware na Maryland mtu wa Alabama hayakubali kabisa. Florida ni kinyumenyume: unavyozidi kupanda kaskazini kuelekea mpaka wa Georgia ndivyo unavyozidi kuingia Kusini yenyewe. Na Kaskazini nako si kumoja. Mtu wa New York atakwambia usoni kuwa umekosea. Mtu wa Minnesota atatabasamu, atasema wazo lako ni la tofauti kidogo, na usipojua kumsoma utaondoka ukidhani amelipenda.

Penye makosa mengi ni kwenye salamu. Katika mji mdogo wa Mississippi au wa Tennessee, ukiingia ofisi ya serikali au karakana ya magari na kusema moja kwa moja unachotaka, umeshakosea. Unaingia, unamtazama mtu usoni, unamwuliza hali na unasubiri jibu hadi mwisho. Unaongeza neno moja la jua, mvua au mpira wa chuo kikuu cha pale, ndipo unataja shida yako. Aliyelelewa kuamkia wakubwa kabla ya kuomba hata chumvi hana la kujifunza hapo, ana la kukumbuka tu. Shida ni kwamba wengi wetu tulianzia Kaskazini, tukafundishwa na wasimamizi wa kule kwamba maneno mengi ni kupoteza muda, na tunafika Kusini tukiwa tumeshaiacha adabu yetu wenyewe njiani.

"Ma'am" na "sir" Kusini hazina umri. Mwenye duka wa miaka 60 atamwita hivyo msichana wa miaka 20, na mtoto humjibu mama yake "yes, ma'am". Mwanamke mkubwa unayemzoea huitwa kwa jina lake la kwanza likitanguliwa na "Miss", hata akiwa na wajukuu. Kuliita jina tupu ni utovu wa adabu, na kumwita kwa jina la ukoo ni kujitenga naye. Yapeleke hayohayo Boston au Chicago uone: mwanamke wa miaka 35 uliyemwita "ma'am" anaweza kuona umemzeesha, na bosi atashuku kwamba unamkejeli. Kaskazini heshima inaonekana kwenye kufika kwa wakati, kujibu barua pepe kwa sentensi mbili zinazoeleweka, na kutowachelewesha walio nyuma yako kwenye foleni. Barua ya namna hiyo, isiyo na salamu, ikifika Birmingham, msomaji wake anahisi amefokewa.

Kukataa nako kuna lugha zake. Kusini ni nadra kusikia "hapana" kavu. Utasikia "tutaona", au "sipendi kukusumbua", nayo ni hapana iliyokamilika. Mwaliko wa "njooni mtutembelee siku moja" ni wema wa mdomo hadi utajwe siku na saa. "Bless your heart" (Mungu aubariki moyo wako) inaweza kuwa pole ya kweli au tusi lililovikwa kilemba, na cha kukusaidia kuitambua ni kilichotangulia: ukiwa umefiwa au mtoto anaumwa, ni pole; ukiwa umetoka kusema jambo la kijinga, jua umeambiwa wewe ni mjinga. Swali la "mnasali kanisa gani?" huwashtua watu wa Kaskazini, ambao huliona ni kuchungulia moyo wa mtu. Kusini ni njia ya kukujua wewe ni wa nani. Mwislamu ajibu tu kwamba anasali msikitini na autaje uko wapi, kisha naye aulize kanisa la mwenzake. Mazungumzo huendelea vizuri kuliko akinyamaza.

Utani ndio wa kuangalia zaidi. Kiwandani Detroit au kwenye jengo linalojengwa Philadelphia, kumtania mwenzako kwa maneno makali ni dalili kwamba amekubalika. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walipanga mtu awapige wanafunzi kikumbo kwenye korido na kuwatukana. Waliotoka Kaskazini wengi waliona ni kichekesho. Waliotoka Kusini walikasirika, na vipimo vya mate vilionyesha homoni za msongo zimepanda. Kwa hiyo mtu wa Kusini mwenye upole mwingi usimjaribu kwa matusi ya mzaha kabla hamjazoeana. Upole ule una mpaka, na ukishauvuka hurudishwi ndani kwa "nilikuwa natania".

Barabarani, honi New York ni kama kusema "taa ni kijani". Alabama honi ni ugomvi. Kusini watu hupeana nafasi hata pasipotakiwa: kwenye njia panda ya kusimama pande nne, dereva mwenye haki ya kwenda atakupungia upite wewe, na wa upande wa tatu haoni kilichokubaliwa. Hapo ndipo magari hugongana kwa sababu ya wema. Fuata sheria: aliyefika kwanza anakwenda kwanza, mkifika pamoja aliye kulia kwako ana haki. Ukipungiwa, hakikisha kwanza kwamba wengine wote wamesimama.

Lafudhi ndipo dharau inapoingia mfukoni mwa mtu. Watafiti waliowasikilizisha watoto wa Illinois na Tennessee sauti za pande zote mbili walikuta kuwa wenye miaka 9 na 10, wa majimbo yote mawili, wanaihusisha sauti ya Kaskazini na werevu na madaraka, na ya Kusini na wema. Yaani mtoto wa Tennessee ameshafundishwa, kabla hajamaliza shule ya msingi, kwamba watu wanaosema kama mama yake si wa kuongoza. Wahandisi na mawakili wengi wa Kusini huifuta lafudhi yao wakienda kutafuta kazi Kaskazini. Ilhali roketi ya Saturn V, iliyompeleka binadamu mwezini, ilisanifiwa Huntsville, Alabama, na kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa kiko Atlanta. Sisi tunaokataliwa kwenye usaili kwa sababu ya matamshi yetu ya Kiingereza tungepaswa kuwa wa mwisho kumcheka mtu kwa lafudhi, lakini utawasikia watu wetu wa Minnesota wakiwaigiza Watexas kwenye sherehe, na ukumbi mzima unacheka. Inauma kuisikia.

Halafu theluji. Tarehe 28 Januari 2014 Atlanta ilianguka theluji ya sentimita 6 au 7, na jiji likasimama. Watu walilala kwenye magari barabarani, watoto wakalala mashuleni, wengine kwenye maduka. Kaskazini nzima ilicheka, kwa kuwa kiasi hicho Buffalo hata shule haifungwi. Lakini angalia ilivyotokea. Shule, ofisi za serikali na kampuni ziliruhusu watu karibu wakati mmoja, mchana, theluji ikiwa tayari inaanguka. Theluji ya kwanza iliyeyuka chini ya matairi, kisha baridi ikaigandisha kuwa barafu laini kama kioo, na hiyo hata tairi la majira ya baridi linateleza. Magari machache ya kumwaga chumvi na kusukuma theluji yalikwama kwenye foleni ileile yaliyotakiwa kuiokoa, na Atlanta ni jiji la vilima. Dereva wa Buffalo angefika nyumbani salama siku hiyo kwao, kwa sababu lori la chumvi lingekuwa limetangulia mbele yake usiku. Ustadi wake unategemea bajeti ya manispaa kuliko anavyojua.

Februari 2021 ikawa zamu ya Texas. Mitambo ya umeme na visima vya gesi havikuwa vimekingwa dhidi ya baridi kali, na gridi ya sehemu kubwa ya jimbo imetengwa na za majirani, hivyo umeme wa kuazima ulikuwa mdogo sana. Serikali ya jimbo ilihesabu vifo 246. Kule nyumba nyingi mabomba ya maji hupita juu ya dari au kwenye kuta za nje bila kuvikwa chochote, na hupasuka. Aliyehamia Texas ajifunze haya kabla ya Desemba: koki kuu ya maji iko wapi (mara nyingi ni kwenye kisanduku ardhini karibu na barabara) na inafungwa kwa kifaa gani. Usiku wa baridi kali, acha koki za ndani zitiririke kwa uzi mwembamba na fungua milango ya kabati chini ya sinki ili joto la chumba lifike kwenye mabomba, za nje zifunike. Na jambo ambalo lazima lisemwe kwa watu wetu: jiko la mkaa na jenereta haviingii ndani ya nyumba wala gereji, hata mlango ukiwa wazi. Gesi ya sumu isiyo na harufu iliua watu katika baridi ile, wakiwemo waliokuwa wanajipasha moto tu.

Kaskazini nako kuna siku yake ambayo haitajwi katika mizaha. Julai 1995 joto la Chicago lilifika nyuzi 41, na zaidi ya watu 700 wakafa, wengi wao wazee walioishi peke yao, madirisha wakiyafunga kwa kuogopa wezi, bila kiyoyozi. Nyumba za matofali zilizojengwa kutunza joto zilifanya kazi yake. Anayetoka Houston kwenda Chicago au Milwaukee asidhani amelikimbia joto: aulize kabla ya kusaini mkataba kama chumba kina kiyoyozi au dirisha linaloweza kukibeba.

Sasa bendera na sanamu. Vita vya 1861 hadi 1865 viliua wanajeshi zaidi ya 600,000, na sehemu kubwa ya mapigano ilikuwa kwenye ardhi ya Kusini. Mwaka 1864 jeshi la Jenerali Sherman wa Kaskazini lilitoka Atlanta hadi Savannah likiharibu reli, maghala na mashamba njiani, na simulizi hizo bado zinapitishwa ndani ya familia za wazungu wa Georgia. Hilo ni la kulielewa. La kutolikubali ni kuambiwa kwamba vita havikuhusu utumwa, kwamba vilikuwa vya haki za majimbo tu. Mississippi ilipojitenga Januari 1861 ilitoa tamko la sababu zake, na hapohapo mwanzoni ikaandika kwamba msimamo wake umefungamana na utumwa. Na sanamu nyingi za majemadari wa Kusini hazikusimamishwa na wajane waliokuwa wakiomboleza. Zilijengwa miongo kadhaa baadaye, nyingi mwanzoni mwa karne ya 20, wakati weusi walipokuwa wakinyang'anywa kura kwa sheria za ubaguzi. South Carolina iliishusha bendera ya waliojitenga kwenye viwanja vya bunge lake Julai 2015, baada ya watu tisa kuuawa kanisani Charleston. Mississippi ilibadili bendera yake ya jimbo 2020. Ukialikwa chakula na ukaikuta bendera ile ukutani, huna wajibu wa kufungua mjadala mezani, wala huna wajibu wa kurudi.

Lakini kosa kubwa kuliko yote katika masimulizi haya ni kusema "watu wa Kusini" ukimaanisha wazungu. Zaidi ya nusu ya Wamarekani weusi wanaishi Kusini. Wao ndio Kusini kama mtu mwingine yeyote, na wengi wanaipenda kwa moyo wote. Anayewacheka wakulima wa Mississippi anawacheka pia weusi waliosimama foleni ya kujiandikisha kupiga kura pale, wakijua wanaweza kufukuzwa kazi au kuuawa.

Na Kaskazini isijione safi. New York ilikuwa na utumwa hadi 1827. Kati ya miaka ya 1910 na 1970 watu weusi wapatao milioni 6 waliikimbia Kusini, na walikopokelewa walikuta ramani za mikopo za miaka ya 1930 zimepaka mitaa yao rangi nyekundu, maana yake mtu wa pale asikopeshwe. Martin Luther King alipigwa jiwe kichwani Chicago, Agosti 1966, akiandamania haki ya makazi. Boston 1974 mabasi yaliyobeba watoto weusi kwenda shule za wazungu yalirushiwa mawe. Leo Milwaukee, Chicago na Detroit ni miongoni mwa miji iliyogawanyika zaidi kwa rangi nchini. Mgeni anayeamini kwamba ubaguzi umebaki Alabama hataushuku atakapoambiwa kwa tabasamu, kwenye kitongoji kizuri cha Kaskazini, kwamba nyumba imeshachukuliwa. Aandike tarehe, jina la aliyemjibu na tangazo lenyewe, kisha apeleke malalamiko kwa wizara ya nyumba ya serikali kuu ndani ya mwaka mmoja. Sheria ya 1968 inamlinda popote alipo.

Kuhusu kazi, maneno machache. Alabama, Mississippi, Louisiana, Tennessee na South Carolina hazina kima chao cha chini cha mshahara, hivyo kinachotumika ni cha taifa, dola 7.25 kwa saa, ambacho hakijapanda tangu 2009. Ila Pennsylvania na Wisconsin nazo zinatumia hichohicho. Texas, Florida na Tennessee hazikati kodi ya mapato ya jimbo, lakini hazijapanua bima ya afya ya serikali kwa watu wazima wa kipato cha chini. Mtu mzima asiye na mtoto, aliyekuwa na bima hiyo Minnesota, anaipoteza akivuka kwenda Texas. Weka gharama ya bima na ya gari la pili kwenye hesabu kabla ya kufurahia kodi ndogo ya nyumba.

Chakula ni mahali ambapo watu wetu hujikuta wamefika nyumbani. "Collard greens" ni ndugu wa sukuma wiki, bamia iko kila mahali, na unga wa mahindi hauogopwi. Mwislamu awe macho hapo: sufuria ya mboga hizo kwa kawaida huwekwa kwanza kongoro la nguruwe lililokaushwa kwa moshi, huchemka saa nzima au zaidi hadi supu iwe na mafuta, ndipo majani yanaingia. Nyama ikiondolewa kabla ya kupakua huioni, lakini imo. Maharage ni vilevile, na mkate wa mahindi unaweza kuwa umepakwa mafuta ya nguruwe kwenye kikaango. Usiulize "kuna nyama?" maana utajibiwa hakuna. Uliza imechemshiwa na nini. Na ukimwalika mtu wa North Carolina "barbecue" kisha umkaangie baga, utamwona anatafuta nyama iko wapi. Kwake neno hilo ni nyama ya nguruwe iliyokaa kwenye moshi kwa saa 10 au zaidi, yenye siki na pilipili. Wewe sema "cookout", yaani karamu ya kuchoma nje, mtaelewana.

Mwisho ni watoto, ambao hubeba mzigo huu bila kuuliza. Mtoto aliyeanza shule Columbus ya Ohio au Minneapolis humjibu mwalimu "yeah", na Kusini hilo linaweza kuonekana utovu wa adabu. Mfundishe "yes, ma'am" na "no, sir" wiki ya kwanza, kabla ya kumnunulia daftari. Akihamishwa upande wa pili, kutoka Memphis kwenda Boston, mwalimu anaweza kudhani anamdhihaki. Wazazi wanaomwandikia mwalimu barua fupi siku ya kwanza, kwamba mtoto amelelewa kuitikia hivyo na ni heshima, huwa hawaitwi shuleni wiki ya pili.